Kabla hujanunua tangi la matumbawe, hesabu ndoo ya chumvi na uniti za umeme wa LUKU

Jioni moja kijana wa mtaani kwetu, hapa Mbezi, alinijia na simu mkononi. Kwenye video, tangi la kioo linawaka bluu, matumbawe ya zambarau yanapepea kama nguo kambani, na samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe anaingia na kutoka humo. "Kaka, tangi kama hili shilingi ngapi?" Kumbe kioo alishanunua, cha mtumba. Alishabeba madumu matano ya maji kutoka Coco Beach, akayamimina, akatia samaki watatu aliopewa na wavuvi. Siku ya nne wote walikuwa chali, na maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Alichotaka kwangu ni ushauri wa pampu ya kununua. Nilimwambia pampu tuiache kwanza, alete daftari na kalamu.

Video za namna hii zimejaa mitandaoni, na kila nikiwaonyesha watu tangi langu swali ni lile lile: shilingi ngapi? Ni kama kuuliza bei ya ng'ombe wa maziwa bila kuuliza bei ya pumba. Ng'ombe unamlipia mara moja. Pumba unailipia kila wiki mpaka mmoja wenu aondoke.

Tunyooshe maneno kwanza. Akwaria ni tangi la kufugia viumbe wa majini. Ile tunayoiona saluni na mapokezi ya hoteli kwa kawaida ni ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na hiyo hata mtoto wa sekondari anaimudu. Kuna ya maji chumvi yenye samaki peke yao. Halafu kuna hii tunayoizungumzia, ya maji chumvi yenye matumbawe hai. Ya kwanza na ya tatu zinafanana kwa kioo tu.

Tumbawe lenyewe ni mnyama. Kwa kweli ni wanyama wengi wadogo walioshikana, kila mmoja ana mdomo na mikono laini kuuzunguka, na ndani ya nyama yao wanaishi mwani wasioonekana kwa macho. Mwani hao hupika chakula kwa mwanga wa jua, nao mwenyeji wao hula sehemu kubwa ya mapishi hayo. Kwa hiyo taa ya tangi la matumbawe ni shamba. Ukiweka taa hafifu ili kuokoa umeme, unawanyima chakula. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe huwatema mwani wake na kubaki jeupe. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, pwani yetu yote kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania iliona miamba ikigeuka meupe na sehemu kubwa ikifa. Bahari nzima ilizidiwa na nyuzi moja au mbili zilizokaa kwa wiki kadhaa. Sasa fikiria beseni la lita mia sebuleni, Februari, umeme umekatika.

Gharama nyingi utakazolipa, ukizichunguza, ni za kuliiga jambo ambalo bahari inalifanya bure kwa ukubwa wake: kutobadilika.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kununua tangi dogo wakidhani ni la bei nafuu. Chukua lita 30. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Lita moja ikivukia, chumvi haivukii nayo, inabaki. Ni kama mchuzi uliosahau jikoni, maji yanakauka na chumvi inazidi. Katika lita 30 umefika gramu 36.2. Lita hiyo hiyo ikivukia katika tangi la lita 100, umefika 35.35 tu. Kioo kikubwa kina eneo kubwa la juu na kinavukiza zaidi, ni kweli, lakini bado kinakupa muda wa kujirekebisha. Kwa anayeanza napendekeza lita 100 hivi, mfano kioo cha sentimita 60 kwa 45 kwa 40. Kikijaa maji, mchanga na mawe kinakaribia kilo 150, kwa hiyo meza ya televisheni isahau.

Na mshahara wa kwanza wa tangi ni subira. Samaki wakijisaidia, na chakula kikioza, hutoka amonia, nayo ni sumu. Baharini na katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ni ya kuvumilika ikiwa kidogo. Bakteria hao wanahitaji kama wiki nne hadi sita kujaa kwenye mawe na mchanga. Kumtia samaki siku ya kwanza ni kuwahamishia wapangaji nyumba ambayo choo chake hakijachimbwa. Samaki wa yule kijana walikufa kwa sababu hiyo, na pampu ya aina yoyote isingewaokoa. Wiki sita hizo taa, pampu na maji vinakula pesa huku ndani hakuna cha kumwonyesha mgeni. Ziandike kwenye bajeti, maana ndizo zinazowakimbiza watu.

Sasa hesabu. Sitakupa orodha ya bei, kwa kuwa bei ya vifaa hivi inakwenda na dola, na ushuru, na huruma ya anayekubebea kwenye begi kutoka Dubai. Nitakupa kilo, lita na uniti. Vipimo hivyo havibadiliki ukiwa Tanga, Mombasa au Muscat. Bei utaitia mwenyewe. Nikitaja shilingi mahali, nikisema "tuseme" ujue ni ya mfano.

Namna rahisi ya kuipanga ni kama dereva wa bodaboda makini anavyopanga pikipiki yake. Mafuta anayahesabu kwa siku. Oili kwa wiki. Tairi na cheni kwa miezi. Injini kwa miaka. Dereva anayefilisika ni yule anayejua mafuta peke yake, na siku tairi linapasuka anakwenda kukopa.

Chumvi

Chumvi ya akwaria si chumvi ya mezani. Ina kalisi, magnesi, potasi na madini mengine kwa uwiano wa bahari. Lita moja ya maji inahitaji gramu 36 hivi za unga huo. Kazi ya kila wiki ni kutoa sehemu moja ya kumi ya maji na kutia mapya, yaani lita 10 kwa tangi letu. Kwa mwaka ni lita 520, karibu kilo 19 za chumvi. Ndoo ya kilo 20 inatosha mwaka.

Ila mwaka wa kwanza una lita 100 za kujazia mwanzo, nazo zinakula kilo tatu na nusu na kidogo, na una makosa yako. Utazidisha chakula, utasahau tumbawe limekufa nyuma ya jiwe, utalazimika kubadilisha nusu ya maji usiku. Mwaka wa kwanza weka ndoo mbili. Tuseme ndoo inakufikia kwa 360,000: mwaka wa kawaida ni 30,000 kwa mwezi, wa kwanza mara mbili yake.

"Lakini kaka, bahari si ile pale?"

Swali zuri, na sitaki kulijibu kwa jazba kama wafugaji wengine wanavyofanya. Maji ya bahari yanatumika. Mimi mwenyewe nayatumia kuanzia Juni hadi Oktoba, msimu mkavu. Ila siyachoti ufukweni. Maji ya ufuo wa mjini yamebeba kila kilichomwagwa na mji, na karibu na mlango wa mto Msimbazi wakati wa masika unachota zaidi mto kuliko bahari: chumvi imeshuka, matope na maji taka juu yake. Unayataka maji ya nje, kutoka kwenye boti, wakati wa bamvua maji yamejaa, siku kadhaa baada ya mvua ya mwisho, kwa madumu ambayo hayajawahi kuona mafuta ya taa wala sabuni. Ukifika nyumbani unayapima chumvi, unayachuja kwa kitambaa safi, unayaacha gizani yatulie. Lita 10 kwa wiki ni nusu dumu, kwa hiyo dumu moja la lita 20 linakupeleka wiki mbili. Gharama yake ni nauli, boti na asubuhi yako ya Jumamosi. Anayeishi Kunduchi na ana rafiki mwenye boti ataokoa pesa. Anayeishi Kimara anunue chumvi. Wa Dodoma na Nairobi hata mjadala huu hauwahusu.

Maji matupu

Hili ndilo linalowashangaza watu kuliko yote: tangi la maji chumvi linatumia maji yasiyo na chumvi mengi zaidi kuliko yenye chumvi. Yanayovukia yanafidiwa kwa maji matupu, kwa sababu ile ile ya mchuzi. Ukifidia kwa maji ya bahari, kila siku unaongeza chumvi juu ya chumvi, na baada ya mwezi utakuwa umewakausha viumbe wako majini.

Dar es Salaam, tangi la lita 100 lililo wazi juu, feni ikipuliza, linaweza kupoteza lita mbili kwa siku. Ni lita 60 kwa mwezi. Ongeza lita 40 hivi za kukorogea chumvi na unafika lita 100. Kwa kipimo cha mtaani, ni yale madumu makubwa ya maji ya kunywa ya lita 18.9, matano na ushee.

Ya bombani hayafai kama yalivyo. Yana klorini, ambayo ni rahisi kuiondoa, lakini yanaweza kuwa na fosfeti na naitreti zinazolisha mwani mchafu, na yakipita kwenye mabomba au koki za shaba yanaweza kubeba shaba, ambayo kamba, konokono na matumbawe hawaivumilii hata kidogo. Ya kisima ndiyo usiseme. Visima vingi vya Dar vina chumvichumvi na chokaa yake mwenyewe. Kwa hiyo ama unanunua maji yaliyochujwa, ama unafunga chujio la RO, lile lile la viwanda vya maji ya kunywa kwa udogo wake. Chujio linasukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, na kwa kila lita safi linamwaga lita tatu hivi au nne. Usizimwage. Kwangu zinakwenda kwenye ndoo za kufulia na kudekia, na bili ya maji haijapanda kwa kiasi cha kugombana ndani ya nyumba. Vichujio vya awali hubadilishwa kila miezi sita hivi, utando kila miaka miwili au mitatu, kutegemea uchafu wa maji yako.

Kujaza huku ni kazi ya kila siku, na ndiyo inayosahaulika. Kuna kifaa kinachojaza chenyewe, kina boya kama la tangi la choo: maji yakishuka boya linashuka, pampu ndogo inawaka. Kama wewe ni wale wanaokwenda Moshi kila Desemba, kinunue kabla ya kununua tumbawe la pili. Mwaka mmoja nilimwachia ndugu yangu kazi hiyo kwa siku tisa. Nilimkuta amejaza kwa uaminifu kabisa, kila asubuhi, kwa maji ya dumu nililokuwa nimeshayakorogea chumvi. Sikumlaumu, maana dumu sikuliandika.

Umeme

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo hesabu za watu zinapodanganya.

Vifaa vya tangi la lita 100 vinaweza kuwa hivi: taa ya wati 60, saa 8 kwa siku, pampu kuu ya wati 15, mchana na usiku, pampu ya mawimbi ya wati 6, mchana na usiku, skima ya wati 8, mchana na usiku, feni ya wati 10, saa 12. Skima ni kifaa kinachopiga povu jembamba ndani ya maji na kukamua uchafu unaonatia kwenye povu hilo, kama unavyoengua povu la maharage yanapochemka. Zidisha wati za kila kimoja kwa saa zake, jumlisha, gawa kwa elfu moja: kama uniti 1.3 kwa siku, uniti 39 kwa mwezi. Si nyingi. Friji ya zamani inaweza kula kuliko hapo.

Tatizo liko kwenye kundi la mita yako. Kwa utaratibu tuliouzoea wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, nyumba inayotumia umeme kidogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, iko kundi la D1 na inalipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Ukivuka, zile zilizozidi unalipa kwa bei ya juu, na ukizoea kuvuka unahamishiwa kundi la kawaida, T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni 356 hivi.

Sasa tuseme nyumba yenu inatumia uniti 60. Mnalipa 7,320. Unaleta tangi la uniti 39, unafikiri: 39 mara 122, elfu nne na mia saba na kitu, nafuu! Lakini 60 na 39 ni 99. Mmevuka. Mkihamishiwa T1, mtalipa 99 mara 356, yaani 35,244. Tofauti ni 27,924 kwa mwezi, karibu mara sita ya ulichofikiri, na nusu ya ongezeko hilo inalipwa kwenye taa za chumbani, pasi na televisheni ambazo hazijawahi kuona samaki. Aliyeko T1 tayari ataongeza chini ya elfu kumi na nne tu. Tangi ni lile lile. Kenya nako kuna ngazi zake, hadi uniti 30, kisha hadi 100, kisha zaidi ya hapo. Itazame bili yako uko ngazi ya ngapi kabla ya kuchomeka chochote.

Halijoto inaongeza lake. Matumbawe ya kufugwa yanataka nyuzi 25 hadi 27. Nairobi mwezi wa Julai unahitaji hita. Ya wati 100 ikifanya kazi robo ya muda ni uniti 18 za ziada kwa mwezi. Dar kuanzia Desemba hadi Machi shida ni kinyume chake, kwani chumba kina nyuzi 31 na pampu zinaongeza joto lake ndani ya maji. Feni ndogo inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi mbili au tatu, kwa kuyavukiza, na ndiyo maana yale maji matupu yanaisha haraka. Mtambo wa kupoza maji hauvukizi, lakini wa wati 200 ukifanya kazi saa kumi kwa siku ni uniti 60 kwa mwezi, zaidi ya vifaa vingine vyote. Kwa anayeanza nasema feni, kifuniko cha wavu badala ya kioo, na tangi likae mbali na dirisha la magharibi.

Na umeme ukikatika? Aliyekuwa Dar wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hahitaji maelezo. Kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na pampu zikisimama hakuna kinachoichanganya. Jenereta si lazima. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ya wavuvi wa ndoano, inaweza kuwavusha usiku mzima. Ni katika vitu vya bei ndogo kabisa kwenye orodha yote, na watu wanaiacha mpaka siku ya msiba.

Chakula, vipimo, na chokaa

Chakula cha samaki wawili wadogo ni bonge dogo la uduvi wa barafu kwa siku, au chembe chache za chakula kikavu. Hakiwezi kukufilisi kwa bei yake. Kinafilisi kwa wingi wake: kila kisicholiwa kinaoza, naitreti na fosfeti zinapanda, mwani wa kijani unafunika mawe, unanunua dawa ya kufyonza fosfeti, unabadilisha maji mara mbili, ndoo ya chumvi inaisha Septemba. Nikiona mtoto wa jirani anakaribia tangi langu na mkate, nasimama.

Kwenye kupima, usibane. Macho hayaoni amonia. Maji yanaweza kung'aa kama ya chemchemi na yakawa sumu. Kitu cha kwanza kabisa kununua, kabla hata ya samaki, ni rifraktometa ya kupimia chumvi. Unadondosha tone moja kwenye kioo chake, unafunika, unakiinulia kwenye mwanga kama darubini, na ndani unaona mpaka wa bluu na nyeupe umesimama kwenye namba. Inadumu miaka ukiifuta vizuri. Vipimo vya matone vya amonia, naitreti na fosfeti huisha muda wake, kwa hiyo vinaingia kwenye matumizi ya kila mwaka.

Kuhusu matumbawe, gharama inategemea unafuga fundi au mpangaji. Matumbawe magumu ni mafundi waashi: yanachukua kalisi kwenye maji na kujijengea nyumba ya chokaa. Mawe ya nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe, na chokaa iliyoyaunganisha, ni kazi ya mafundi hao. Wakiwa wengi katika tangi wanamaliza kalisi na alkalini, ile akiba ya kaboneti, haraka kuliko maji mapya ya wiki yanavyorudisha, nawe unaanza kutia dozi kila siku, kununua vipimo zaidi, na taa kali zaidi. Bajeti inaruka hapo. Matumbawe laini, yale ya uyoga na ya mikono inayopepea, hayana nyumba kubwa ya kujenga. Lita 10 za wiki zinayatosha. Mwaka wa kwanza kaa na hayo.

Na usiyang'oe baharini. Nasikia hoja kwamba ni ya Mungu na yapo mengi. Ndani ya hifadhi za bahari, ziwe Mafia, Mbudya na Bongoyo hapa Dar, au Malindi na Watamu kule Kenya, kung'oa tumbawe ni kosa. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, na huwezi kuyavusha mpaka bila kibali. Ukiacha sheria, tumbawe la donge hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na la porini litakuletea minyoo na maradhi ambayo fedha yako haitayamaliza. Wafugaji hukatiana vipande vilivyoota ndani ya matangi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha. Mwakani utakuwa wewe unayekatia wenzako.

Kibubu

Imebaki ile injini ya bodaboda. Kila kifaa chenye umeme ndani ya maji chumvi kinakufa. Chumvi inapanda kwenye waya, inaganda ukingoni mwa kioo kama ukoko mweupe wa wali, inaingia kwenye plagi. (Ndiyo maana waya zangu zote zinaning'inia chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili tone liangukie sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.) Gawa bei ya kifaa kwa miezi unayotarajia kidumu. Tuseme pampu ni 108,000 na inadumu miaka mitatu: 3,000 kwa mwezi. Skima 360,000 kwa miaka mitano: 6,000. Taa 600,000 kwa miaka mitano: 10,000. Vichujio vya RO 60,000 kila miezi sita: 10,000. Jumla 29,000, na hiyo inaingia kwenye kibubu cha mbao, kisichofunguliwa bila nyundo. Mwezi ambao hakuna kilichoharibika usiuite faida.

Yule kijana aliandika yote hayo. Chumvi 60,000 kwa kuwa ni mwaka wa kwanza, kibubu 19,000 bila vichujio vya RO, chakula na vipimo tukakadiria 15,000, maji ya kununua kwa kuwa hana chujio 20,000, halafu akafika kwenye umeme akasimamisha kalamu.

"Mita yenu iko D1 au T1?" nikamuuliza.

"Sijui. Umeme ananunua mama."

"Anapewa uniti ngapi kwa elfu tano?"

Akafikiri. "Arobaini na. Huwa anasema arobaini na moja."

Akagawa, akapata 122. D1. Akafunika daftari, akaniuliza kama najua mtu anayetaka kioo, au nimsaidie kwenda kuongea na mama.

Nikamwambia kwa mama aende mwenyewe.